Kwa nini niliacha zamu ya usiku (na habari za taa, tangu koroboi mpaka LED)

Najua nimepotea. Wiki iliyopita dada kanipigia simu, na baada ya salamu akauliza moja kwa moja: "Hivi ni kweli umeacha kazi ya usiku? Na ile nyongeza je?" Nikamwambia ni kweli. Akanyamaza. Nyinyi mnaomjua mnajua kuwa kimya chake kina maneno mengi kuliko hotuba.

Nimeona bora niandike hapa msome wote mara moja, maana swali hili nimeshaulizwa na watu wasiopungua watano. Wapo waliosema Marekani imenilevya, nimekuwa mvivu. Na kuna sababu nyingine. Mpwa wangu, mwanawe dada, naye kapata kazi ya zamu ya usiku huko Dar, na ananiambia kwa furaha kuwa "mchana wote ni wangu, mjomba". Nilisema hivyo hivyo miaka hiyo. Kwa hiyo hii naiandika kwa ajili yake zaidi. Ni ndefu kidogo, tieni chai kwanza.

Nianze na jambo lililonisumbua tangu siku niliyofika hapa Hopkins, huu mji mdogo ulio magharibi ya Minneapolis, jimbo la Minnesota. Saa! Sisi Waswahili tunahesabu saa kwa jua. Jua likichomoza siku imeanza, na baada ya muda kidogo ni saa moja. Likizama, usiku umeanza, hesabu inarudi mwanzo. Pale Unguja utaratibu huu haukosei, kwa sababu tuko karibu na ikweta. Tofauti ya siku ndefu kabisa na siku fupi kabisa ya mwaka haifiki hata saa moja. Saa kumi na mbili na kitu jioni ni magharibi, iwe Januari au Julai.

Hapa je? Disemba 21 jua linachomoza saa moja na dakika 48 asubuhi na linazama saa kumi na dakika 34 alasiri. Mchana wote haufiki saa tisa. Halafu inakuja Juni, jua linatoka saa kumi na moja na nusu hivi alfajiri na linazama saa tatu usiku na dakika tatu. Nasema saa tatu USIKU, na watoto bado wako nje wanacheza mpira! Ramadhani ya mwaka 2016 iliangukia Juni, tukafunga zaidi ya saa 17 kwa siku, na kati ya isha na daku hukupata hata muda wa kugeuka kitandani mara mbili. Miezi ile ndiyo iliyonifunza kwamba maneno "usiku" na "mchana" niliyokuja nayo kutoka nyumbani hayafanyi kazi hapa. Watu wa hapa hawalifuati jua, wanafuata saa ya ukutani. Na ili saa ya ukutani imshinde jua, lazima uwe na taa.

Hizo taa nazo zina historia yake, na sehemu kubwa imetokea hapa hapa karibu na ninapokaa.

Hopkins ilianza kama kijiji cha kiwanda. Mwaka 1887 kampuni iitwayo Minneapolis Threshing Machine ilijenga hapa kiwanda cha mashine za kupura ngano, na wafanyakazi wakajenga nyumba pembeni. Mwaka 1893 pakatangazwa rasmi kuwa kijiji kwa jina la West Minneapolis, na mwaka 1928 jina likabadilishwa kuwa Hopkins. Ngano nyingi ya nchi hii ilikuwa inakwenda Minneapolis kusagwa, kwenye maporomoko ya mto Mississippi yaitwayo St. Anthony. Kuanzia 1880 na kwa miaka hamsini iliyofuata, Minneapolis ilikuwa inasaga unga kuliko mji wowote duniani. Vinu vile vilisaga usiku na mchana, maana maji ya mto hayalali.

Usiku wa vinu ulikuwa na gharama zake. Tarehe 2 Mei 1878, kama saa moja jioni, kinu kikubwa kuliko vyote, Washburn A, kililipuka. Vumbi la unga likiwa jingi hewani huwaka kama baruti. Wafanyakazi wa mchana walikuwa wameshatoka. Waliokuwemo ni watu 14 wa zamu ya usiku, na wote walikufa, pamoja na wengine wanne waliokuwa jirani. Mimi kila nikipita pale, sasa ni makumbusho, nawafikiria wale 14. Wenzao wameshafika nyumbani wanakula, wao ndio kwanza wameingia.

Miaka minne baadaye, mwaka 1882, kampuni ya Minnesota Brush Electric ikaanza kuzalisha umeme kwa nguvu ya maporomoko hayo hayo, na kuwasha taa madukani. Mwaka uliofuata, 1883, wakasimamisha katikati ya mji mlingoti wa urefu wa futi 257, na juu yake wakafunga taa za arki, zile ambazo umeme unaruka kati ya vijiti viwili vya kaboni na kutoa mwanga mkali mno. Walitaka mlingoti mmoja uangaze mji kama mwezi. Haukudumu miaka mingi, wakaona bora taa nyingi ndogo barabarani kuliko mwezi mmoja wa bandia.

Sasa sikilizeni hii, nilipoisoma nilicheka peke yangu: mwaka huo huo wa 1883 ndio Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib pale Forodhani, jengo ambalo lilikuja kuwa la kwanza Zanzibar kuwekwa taa za umeme. (Mnajua kilichotokea: Disemba 25, 2020 sehemu yake ikaporomoka. Inna lillahi.) Kwa hiyo msidhani taa ya umeme ni jambo la wenzetu tu. Sema kwetu ilikaa jumbani, na mitaani tukabaki na koroboi, chemli, na karabai siku za harusi na maulidi. Hapa ilikwenda moja kwa moja kiwandani. Na taa ikishaingia kiwandani, mtu anaulizwa: kwa nini mashine ilale?

Basi watu wakafanya kazi usiku kwa miaka mingi bila ya mtu kujua hasa mwili unasemaje. Kujua kulianza kwa mimea. Mwaka 1729 Mfaransa mmoja, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, alichukua mmea, inasadikiwa ulikuwa kifauongo au ndugu yake, akauficha gizani. Mnakumbuka kifauongo? Tulivyokuwa tunakigusa majani yanafumba, tunaimba na kukitania. Kila usiku hufumba majani na kila asubuhi huyafumbua. De Mairan akaona kwamba hata gizani, bila ya kuliona jua, majani yaliendelea kufumbua na kufumba kwa wakati wake. Maana yake mmea una saa ndani.

Binadamu naye? Hapa ndipo inapokuja Minnesota tena. Chuo Kikuu cha Minnesota, kilicho kando ya mto ule ule wa vinu, kilikuwa na mtafiti aliyeitwa Franz Halberg. Alizaliwa Romania mwaka 1919, mhamiaji kama mimi. Alikuwa akihesabu aina moja ya chembe nyeupe za damu kwenye panya, na hesabu zake zikawa hazikubaliani. Kumbe tatizo halikuwa hesabu, lilikuwa saa ya kupima! Damu ya asubuhi siyo damu ya usiku. Alipochunguza panya vipofu akakuta mzunguko wao unaendelea, ila unateleza kidogo kidogo kila siku, kama saa mbovu ambayo hakuna wa kuirekebisha. Mwaka 1959 akaunda neno linalotumika sasa dunia nzima, sirkadiani, kutoka Kilatini: "circa" ni karibu, "dies" ni siku. Yaani karibu siku nzima. Halberg alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 93.

Hilo neno "karibu" ndilo lenye siri. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walipima saa ya ndani ya binadamu wakakuta inazunguka kwa kama dakika 10 zaidi ya saa 24. Dakika 10 si kitu, lakini baada ya wiki ni zaidi ya saa nzima. Kwa hiyo kila siku lazima irekebishwe, na kinachoirekebisha ni mwanga, khasa wa asubuhi. Nilipolielewa hilo nikamwambia mke wangu: kumbe mwili unahesabu saa kwa Kiswahili! Unangoja jua litoke ndipo uanze kuhesabu.

Sasa nieleze kwa ufupi mwanga unavyoingia. Ukifika usiku, tezi ndogo ndani ya ubongo inamwaga homoni iitwayo melatonini, iliyogunduliwa mwaka 1958 na Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale. Melatonini si dawa ya kulewesha, ni mpiga mbiu. Inautangazia mwili: "Usiku umeingia, tendeni mambo ya usiku." Joto la mwili linashuka, njaa inapungua, usingizi unakaribia. Mwaka 1980 Alfred Lewy na wenzake walionyesha kwamba ukimmulika mtu kwa mwanga mkali usiku, mpiga mbiu yule ananyamaza. Mwaka 2002 David Berson na wenzake wakaonyesha, kwa panya, kuwa ndani ya jicho zipo seli ambazo kazi yake kubwa si kutuonyesha sura za vitu bali kupima mwanga na kupeleka habari kwenye saa ya ubongoni. Seli hizo zinaamshwa zaidi na mwanga wa buluu, ambao ndio rangi ya anga mchana.

Koroboi haina buluu ya maana. Moto ni mwekundu na hafifu. Lakini taa nyeupe za LED, hizi tulizonazo sasa kila mahali, nyingi huanza kama taa ya buluu iliyopakwa unga wa kuugeuza mwanga kuwa mweupe. Waliogundua LED ya buluu walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014, na haki yao, maana zinakula umeme kidogo sana. Ila mwaka 2016 chama cha madaktari cha Marekani kilizishauri serikali za miji zisifunge taa za barabarani zenye mwanga mweupe mkali, zibaki kwenye kelvini 3,000 au chini yake, yaani mwanga wa manjano manjano.

Na si taa za barabarani tu. Utafiti wa mwaka 2011, uliowapima watu 116, ulionyesha kuwa taa za kawaida tu za ndani ya nyumba, zikiwaka jioni hadi wakati wa kulala, zinaupunguza muda wa melatonini kwa kama dakika 90. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, waliwalaza vijana 20 wenye afya njema. Waliolala usiku mmoja chini ya taa ya wastani walikuwa na mapigo ya moyo ya kasi zaidi usiku ule, na asubuhi miili yao ilishughulikia sukari vibaya zaidi. Usiku mmoja tu, na wao wenyewe walikuwa wamelala!

Hapo kwenye sukari ndipo niliposimama kusoma nikavuta pumzi.

Mnajua kazi yangu. Nyumba ya kulea wazee, nyumba nzuri tu na watu wema. Niliingia zamu ya usiku kwa hiari yangu, saa tano usiku mpaka saa moja asubuhi, kwa sababu ya nyongeza ya dola 2 kwa kila saa. Saa 40 kwa wiki ni dola 80. Dola 80 mnazijua zilikokwenda: ada ya skuli ya watoto watatu, na matofali ya Fuoni. Sijutii hata moja.

Lakini hebu lifuateni jua na mimi, siku ya Januari. Natoka kazini saa moja asubuhi, bado giza, baridi inakata masikio. Nafika nyumbani, nalala jua linapotoka. Naamka saa tisa alasiri. Saa kumi na nusu na kitu limeshazama. Nimeliona jua kwa saa moja na nusu, tena kupitia dirisha la jikoni. Usiku mzima niko kwenye korido nyeupe chini ya taa nyeupe. Kwa mwili wangu, korido ndiyo mchana na chumba cha kulala ndicho usiku, lakini korido ni mchana wa uongo. Ofisi au korido iliyowaka vizuri ina mwanga wa luksi 300 mpaka 500 hivi. Nje, hata siku ya mawingu, unapata maelfu. Jicho halidanganyiki kiasi hicho. Kisha inakuja Juni, natoka kazini jua limeshatoka saa moja na nusu iliyopita, linanipiga usoni njia nzima, mpiga mbiu ananyamaza, na mimi ndio nataka kulala. Siku za mapumziko nabadilisha, nakaa mchana na familia. Kwa hiyo kila wiki mwili wangu ulikuwa unasafiri kwenda Unguja na kurudi, bila hata ya kuwaona nyinyi.

Wanawake wauguzi wa Marekani walifuatiliwa kwa miaka mingi, na mwaka 2001 ikachapishwa kwamba waliofanya zamu za usiku kwa miaka 30 au zaidi walipata saratani ya matiti kwa kiwango cha asilimia 36 zaidi ya wale ambao hawakuzifanya. Mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda" vinasababisha saratani, na mwaka 2019 likarudia uamuzi huo. Nasisitiza hilo "huenda". Tafiti zote hazikubaliani, na haina maana kila mlinzi au muuguzi ataugua. Lakini kuhusu usingizi, uzito, sukari na moyo, dalili zinaelekea upande mmoja.

Mimi daktari alinipima akaniambia sukari imeanza kupanda, presha nayo. Hakusema sababu ni usiku. Alitaja na chakula, na uzito, na ukoo wetu (marehemu baba, mnakumbuka). Aliniuliza swali moja tu: "Unalala saa ngapi kwa siku?" Nikasema tano, zikizidi. Akaniuliza: "Tangu lini?" Nikahesabu, nikaona aibu kulijibu. Miaka tisa.

Najua kuna atakayesema: aa, basi turudi kwenye giza, zamani watu walilala vizuri. Ngojeni kwanza.

Sisi Wazanzibari giza tumelionja. Mei 2008 waya wa baharini unaoleta umeme kutoka bara uliharibika, kisiwa kikakaa karibu mwezi mzima bila umeme. Disemba 2009 tena, mpaka Machi 2010, karibu miezi mitatu. Mimi nilikuja Januari ile kwa msiba wa baba. Nakiri, nililala kama mtoto. Saa tatu usiku kitandani, adhana ya alfajiri ndiyo inayoniamsha. Lakini mimi nilikuwa mgeni. Fundi cherehani jirani yetu alikuwa amekaa barazani mikono mitupu. Maji hayapandi, pampu zimelala. Wenye uwezo wanaungurumisha majenereta mpaka usiku wa manane. Mtafiti mmoja, Alfredo Burlando, aliichunguza ile miezi ya 2008, na mwaka 2014 akachapisha kwamba watoto waliokuwa matumboni wakati ule walizaliwa na uzito mdogo zaidi, kwa sababu kipato cha nyumba nyingi kilianguka. Giza lile halikuwa afya, lilikuwa njaa. Ndiyo maana mwaka 2013 ulipozinduliwa waya mpya wa megawati 100, uliolipiwa na fedha za Marekani, hakuna aliyelia kuuaga usiku wa koroboi. Na moshi wa koroboi na nyumba zilizoungua msizisahau.

Tena hata hao wa zamani hawakulala kama tunavyodhani. Huko kwetu Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, wako Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliowavalisha saa za kupima usingizi wao, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Wote hawana umeme. Walilala kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, si zaidi yetu, na hawakulala jua lilipozama, walisubiri zaidi ya saa tatu hivi. Tofauti ilikuwa nini? Walilala wakati wa baridi ya usiku, waliamka karibu na wakati ule ule kila siku, na mwanga mwingi kuliko wote waliupata asubuhi, kuelekea saa tatu.

Na utafiti mwingine wa Wahadzabe, wa mwaka 2017, umenipendeza zaidi. Watu wazima 33 walipimwa kwa siku 20. Katika siku zote hizo, muda ambao wote kwa pamoja walikuwa wamelala ni dakika 18 tu! Kila saa yupo aliyekuwa macho, mara mzee, mara kijana. Kwa hiyo kukesha si jambo geni kwa binadamu. Lazima awepo wa kukesha, hata wazee wangu wa pale kazini wanahitaji mtu saa nane usiku. Lakini kwa Wahadzabe mkesha unagawanywa, kila mtu anabeba kidogo. Sisi tumemwachia mtu mmoja aubebe wote, miaka tisa, kwa dola 2 za nyongeza. Na mara nyingi huyo mtu ni mgeni, kama wale wahamiaji wa vinuni zamani. Angalieni nani anafagia viwanja vya ndege usiku hapa Minnesota, nani yuko hospitalini na kwenye maghala. Utasikia Kiswahili, Kisomali, Kioromo, Kihispania.

Ratiba ni kazi ya binadamu, na binadamu anaweza kuibadilisha. Jirani zetu hapa, mji wa Edina, mwaka 1996 waliamua skuli yao ya sekondari ianze saa mbili na nusu badala ya saa moja na dakika 20, kwa sababu saa ya mwili ya vijana huchelewa. Minneapolis wakafuata mwaka 1997. Watu walisema haitawezekana, mabasi yatavurugika, michezo itakufa. Mtafiti Kyla Wahlstrom wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwafuatilia, akakuta watoto wanalala zaidi. Mabasi yakazoea.

Na mimi nikabadilisha yangu. Nilipoomba zamu ya mchana nilingoja miezi minne ikapatikana. Sasa natoka nyumbani asubuhi, na nikiweza natembea kidogo kwenye barabara ya Mainstreet kabla ya kazi, hata kukiwa na theluji, ili jua linione. Sidanganyi kwamba nimepona. Sukari iko pale pale, ila haijapanda tena. Nalala saa saba. Mwanangu wa mwisho kaniambia sikasiriki ovyo siku hizi. Hilo halina kipimo hospitalini.

Sasa dada, jibu lako. Ada ya watoto watatu ipo na itakuja tarehe ile ile, hilo nimeshalipanga. Kitakachosubiri ni paa la Fuoni. Kuta haziozi, zitangoja mwaka mmoja au miwili. Baba alijenga nyumba akamaliza, akakaa ndani yake miaka minne. Mimi nataka nikae zaidi ya hapo.

Na wewe mpwa wangu, sikwambii uache kazi, kazi hazipatikani. Ila usijidanganye kwamba mchana ni wako. Mchana ni wa kulala, uulinde kama unavyolinda lango. Funga pazia zito, kama huna basi kanga mbili nyeusi dirishani. Waambie wenzako nyumbani wasikuamshe kwa mambo ya sokoni. Usile pilau saa nane usiku. Omba zamu isiyobadilika badilika. Ukipewa nafasi ya mchana baada ya mwaka au miwili, ichukue hata kama mshahara ni pungufu. Mimi nilingoja tisa.

Wengine wote: taa ya ulinzi ya nje iwe ya manjano na ielekee chini, si kwenye dirisha la jirani. Chumba cha watoto kisiwake taa nyeupe usiku kucha. Mtoto akiogopa giza, wekeni kitaa kidogo chekundu karibu na mlango. Na simu... simu nazo jamani, zilale sebuleni.

Haya, hapa ni saa mbili na nusu usiku, nje theluji inarudisha mwanga wa taa za barabarani mpaka mbingu imekuwa kama maziwa. Huko kwenu ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, bado kidogo jua litoke. Nashusha pazia, nazima kompyuta.

Wasalaam, na salamu kwa mama. Mwambieni simpigii tena saa zangu za ajabu.